Kilo Ishirini na Nane

Tangu niliporudisha funguo za ghala la esansi, mafuta ya ndege, vijana wa uwanja wamekuja hapa barazani kwangu Kasongo mara tatu, wakitaka niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani. Nadhani wanataka habari za marubani na za vyeo. Vyeo vyangu vyote vingeenea nyuma ya tikiti moja, nafasi ikabaki. Nitaandika mambo ya uwanjani tu. Ninawaomba kitu kimoja: karatasi hizi msome ninyi kwa ninyi, msizipeleke kwa Komanda. Yeye alikwisha kunipa barua ya kunisifu siku ya kuondoka, na sipendi kumsumbua.

Jina langu ni Amisi. Mimi ni mtoto wa Wangwana wa mjini hapa, nilisoma Kurani kwa babu yangu, na hesabu nilijifunza katika duka la Mgiriki mmoja nikipima magunia ya chumvi. Ndiyo maana walinichukua. Jeshi lilikuwa limeanza kurusha ndege yake ndogo ya injini mbili kati ya Kasongo na Kabambare, kwa sababu barabara ya huko hukatika kila masika na watu wakabaki kama wamefungiwa ndani. Marubani walikuwa askari, mafundi walikuwa askari, hata mpishi wa marubani alipiga saluti. Ila walikosa mtu wa kupima abiria na kuandika. Nikaambiwa nitakuwa raia katika kazi na askari katika adhabu. Nilicheka. Nilikuwa kijana.

Nilikwenda Kabambare na lori lililobeba mizani. Tulitumia siku nne njiani, mbili tukiwa tumekaa ndani ya matope kabla ya kijiji cha Wamaza. Nilipofika, nikaona ndege ileile niliyoiacha Kasongo imekwisha kuja na kurudi mara mbili. Mizani yenyewe ilikuwa ya pamba, ya kusimama, yenye ubao wa chini na mkono wa chuma wenye jiwe la kusukuma. Ilikuwa imetoka katika soko la pamba, na kila mkulima wa Kabambare alikuwa akiijua na kuichukia. Mzee mmoja wa Wamaza nilimwambia apande, akapanda, akavua kofia, akaniuliza, "Unaniandika mimi daraja ya kwanza ao ya pili?" Sikujua kama anafanya mzaha. Nilimwandika kilo hamsini na moja.

Aliyenipokea uwanjani alikuwa kapita wa majani, msimamizi wa wakataji, Baba Kitenge. Alikuwa Mubangubangu wa palepale Kabambare, mtu mfupi, mwenye mabega mapana, aliyekuwa amebeba mizigo ya askari katika vita vya kwanza na kurudi na vidole saba vya miguu. Hakujua kusoma. Alikuwa na watu ishirini wenye kupekupe za kukatia majani, na uwanja wa hatua mia tisa alioutunza kuliko paa la nyumba yake. Siku ya kwanza hakunionyesha ofisi. Alinishika mkono akanitembeza kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, polepole. Tulipofika mwisho akaniuliza, "Umeona nini?"

"Majani," nikasema.

"Turudi."

Tulirudi. Safari ya pili niliona shimo la panya. Ya tatu niliona vichuguu viwili vinavyoanza, vidogo kama ngumi. Ya nne jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimechoka, ila niliona mahali ambapo udongo ulikuwa laini chini ya majani mazuri, na kisigino changu kikazama.

"Sasa unaweza kuandika," akasema. "Kila asubui kabla ya ndege tunatembea namuna hii, miye na weye. Kama tumechoka, tunatembea. Kama kuko mvua, tunatembea. Mungwana, ile ndege haina macho chini."

Aliniita Mungwana tangu siku ile, na sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake.

Yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Esansi ilikuja katika mapipa, nasi tuliivuta kwa pompi ya mkono. Kila pipa, kabla ya kutia ndani ya ndege, unachota kidogo katika chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini na utayaona kama jicho. Halafu unachuja kwa ngozi laini, na ngozi hiyo usiifulie sabuni, na usimpe mtu aifutie viatu, hata kama mtu mwenyewe ni sajini. Elisi, yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, usiyakaribie hata yakiwa yamesimama. Moto wa moshi wa kuonyesha upepo uuwashe kwa majani mabichi juu ya makavu, upande wa kushoto wa rubani anayekuja. Na mbuzi wa polisi ni mbuzi kama wengine: mfukuze.

Kazi yangu hasa ilikuwa mizani na karatasi. Nilimpima kila abiria na mzigo wake, nikajumlisha, nikampa rubani. Rubani alitazama uwanja, akatazama mbingu, akataja kilo anazoweza kubeba siku hiyo. Uwanja mkavu ulikubali nyingi. Uwanja wa matope ulikubali chache, kwa kuwa magurudumu yalishikwa, na mwisho wa uwanja kulikuwa na michikichi mirefu ambayo mwenyewe, kiongozi wa kijiji, hakukubali ikatwe. Kilo zikizidi, abiria wa chini katika orodha alishuka. Orodha ilipangwa hivi: kwanza askari, pili watu wa Serikali, tatu watu wa kampuni, nne wamisioni, tano wengine. Sisi tulikuwa wengine. Nimewashusha wengine mara nyingi. Mwanzoni niliwaomba radhi kila mmoja, baadaye nikawa nasema tu, "Wiki ijayo."

Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka kama mitatu, shingo imemvimba hata hawezi kumeza mate. Infirmié wetu, muuguzi Pius, aliyekuwa peke yake katika dispensari ya Kabambare, alinivuta kando. "Daktari iko Kasongo, hapa miye niko na permanganati tu. Ule mutoto akilala hapa siku mbili, amekwisha." Mvua ilikuwa imenyesha. Rubani alikuwa askari mmoja mzee wa cheo cha ajida, mwenye ndevu nyekundu, akataja kilo zake, nami nikajumlisha nikaona mama na mtoto wamezidisha kumi na nane.

Sikufikiri sana. Nilisukuma jiwe la mizani nyuma kidogo kwa watu wawili wanene, nikaandika. Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikapita mahali pake pa kuinuka ikiwa bado chini. Nilimsikia Baba Kitenge nyuma yangu akivuta pumzi. Magurudumu yalikata makuti ya michikichi, na makuti mawili yakaenda nayo hadi Kasongo.

Ajida hakuwa mjinga. Alipotua aliwapima abiria wote upya katika mizani ya hospitali. Siku tatu baadaye alirudi na karatasi ya Komanda. Nilipigwa fimbo nane palepale mbele ya ghala la esansi, mbele ya watu ishirini wa kupekupe, na nikaambiwa mara ya pili itakuwa gereza. Mtoto alipona. Nilikuja kumwona sokoni Kasongo mgongoni kwa mama yake, anakula ndizi. Mama hakunitambua.

Baba Kitenge ndiye aliyeniosha mgongo kwa maji ya chumvi. Nilitegemea anipe pole. Akasema, "Usirudilie, Mungwana. Siyo juu ya fimbo. Mule ndani mulikuwa watu munane. Ile michikichi ingewashika, wewe leo ungekuwa unahesabu munane."

Alikuwa na haki, na mimi nilijua ana haki. Lakini somo nililolichukua halikuwa lile alilonipa. Mimi nilitoka pale na woga. Tangu wiki iliyofuata nilianza kuongeza kilo tano kwa kila abiria. Mtu wa sitini nilimwandika sitini na tano. Nilijiambia ni kwa usalama: nguo zimelowa, mtu amekula njiani, mizani ya zamani. Kweli ilikuwa mgongo wangu. Uongo wa upande ule hakuna aliyeutafuta. Ndege iliinuka vizuri, marubani walifurahi, na ajida mwenyewe alisema siku moja kwamba karatasi za Kabambare ni nzuri kuliko za Kasongo. Niliendelea hivyo zaidi ya miaka miwili. Mkono wangu ulizoea hata sikuwa nafikiri tena. Niliona sitini, nikaandika sitini na tano, kama mtu anayesoma lugha nyingine. Baba Kitenge hakujua. Aliona mizani, hakuweza kusoma karatasi.

Sasa nitaeleza habari ya Feza.

Feza alikuwa mtoto wa mwisho wa Baba Kitenge, na msichana wa pekee. Nilimkuta akiwa bado anakwenda kwa masista kujifunza kushona, na mchana alimletea baba yake ugali na sombe uwanjani, sehemu yangu ikiwamo. Aliniita Baba mudogo. Aliolewa na mwalimu mmoja wa misioni, Mwalimu Gaspari, kijana mpole wa kabila la Wazimba kutoka upande wa Kasongo, mwenye sauti ndogo hata tulishangaa watoto wanamsikiaje darasani. Masika ile Feza alikuwa na mimba ya kwanza, na misioni ilikuwa imemwita mwalimu Kasongo kwa mafunzo ya wiki sita. Feza akabaki kwa baba yake.

Uchungu ulimshika siku ya Jumatatu. Jumanne jioni Pius alikuja nyumbani kwangu akaketi bila kukaribishwa. "Mutoto amelala vibaya, kama mutu anayelala njiani," akasema. "Nimejaribu kumugeuza. Nimeshindwa. Anahitaji kisu ya daktari." Ndege ilitazamiwa Jumatano. Tulikwenda posta kupiga foni ya Kasongo, daktari akajibu kwamba atangoja hospitalini, na mtu akatumwa misioni kumwambia mwalimu akampokee mke wake uwanjani.

Mvua ilinyesha tangu usiku hadi alfajiri. Nilipofika uwanjani, Baba Kitenge na watu wake ishirini walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Walikuwa wanafagia maji. Walitumia matawi, makuti, mikono, wengine walivua mashati wakayatumia kama matambara, wanakamua kando, wanarudi. Sijawahi kuona kazi kama ile, wala sikuiona tena. Kwenye mashimo walitia changarawe kwa vikapu. Tulipotembea uwanja, mimi na yeye, kisigino changu kilizama mara mbili tu.

"Itainuka," akasema Baba Kitenge.

"Itainuka," nikasema.

Ndege ikaja. Rubani alikuwa liutena kijana, mgeni kwetu, mtu wa kuhesabu kila kitu, mpaka hatua zake. Akatembea uwanja peke yake, akarudi na matope hadi magotini, akasema Kiswahili chake cha kambini: "Leo kilo mia tano sabini na tano. Hapana zaidi hata moja."

Abiria walikuwa askari watatu waliohamishwa, na mizigo yao ya mgongoni. Alikuwamo karani wa kodi na sanduku lake lililotiwa lakiri. Alikuwamo Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba na masanduku manne ya vyuma vya mashine. Na Feza.

Walimleta juu ya machela. Niliweka machela yote juu ya mizani, ili nitoe uzito wa mbao baadaye. Alikuwa na rangi ya majivu, midomo imekauka, ila macho yalikuwa yake yale. Mama yake alimfuta uso. Nikaanza kusukuma jiwe, na Feza akaniona.

"Baba mudogo," akasema, "tuko wawili hapa. Andika mumoja."

Nilicheka. Mungu anajua kwamba nilicheka. Baba Kitenge aliyekuwa amesimama upande wa pili wa mizani akaniwekea mkono begani, mkono wenye maji na mchanga, akasema polepole, "Pima muzuri, Mungwana."

Alikuwa kilo hamsini na nane. Niliandika sitini na tatu. Nawaapia kwamba sikukusudia. Mkono uliandika.

Nikajumlisha. Mia sita na tatu. Ilizidi ishirini na nane.

Nilimpa liutena karatasi. Akaisoma, akamtazama Feza, na lazima niseme haki yake: alikwenda mwenyewe kwa Mzungu wa pamba akazungumza naye Kifaransa muda mrefu. Alimwomba aache masanduku mawili. Mzungu alikuwa mtu wa heshima, hakupiga kelele. Alitikisa kichwa, akaonyesha saa yake, akasema mashine yake imesimama tangu wiki iliyopita na pamba ya watu inaoza chini ya mvua. Karatasi yake ilikuwa na saini ya msimamizi wa wilaya. Askari walikuwa na amri ya kambi. Karani alikuwa na lakiri. Feza alikuwa wengine.

Wakati wanazungumza, kichwa changu kilikuwa kimekwisha kufanya hesabu nyingine. Watu sita, kilo tano kila mtu, thelathini. Mia sita na tatu, ondoa thelathini, mia tano sabini na tatu. Feza alikuwa na nafasi. Alikuwa na nafasi, na kilo mbili zilibaki.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa liutena. Ilikuwa nimwambie maneno manne: Liutena, nimeandika kilo zisizokuwapo. Angekasirika. Angesema kwamba mtu aliyedanganya miaka miwili anaweza kuwa anadanganya na sasa, na pengine angetaka kupima wote upya, na jambo hilo lingechukua robo saa. Robo saa tulikuwa nayo. Niliona ghala la esansi, mahali nilipolazwa chini. Nilifikiri gereza, nikafikiri mke wangu. Ulimi wangu ukakaa. Watu husema hofu ni kama moto au kama baridi. Mimi sikusikia kitu. Nilisimama tu, na kalamu mkononi.

Liutena alirudi. "Kesho," akaniambia. "Kama mvua inakubali, nakuja kesho juu yake peke yake. Mwambie baba yake."

Nilimwambia.

"Imezidi?" akauliza Baba Kitenge.

"Imezidi."

"Ngapi?"

"Makumi mbili na munane."

Alitazama karatasi niliyoishika, ile asiyoweza kuisoma, kisha akatazama michikichi. Hakubishana. Yeye ndiye aliyenifundisha watu munane ni nini. Alikwenda mwenyewe chini ya bawa akaondoa magogo ya kuzuia magurudumu, akainua mkono kumwonyesha rubani kwamba njia ni nyeupe. Ndege iliinuka mapema, mbali na michikichi, nyepesi.

Yaliyotokea Kasongo niliyasikia kwa mwenzangu wa mizani ya huko. Mwalimu Gaspari alikuwa amefika uwanjani mapema na blanketi jipya lililokunjwa mkononi, na machela ya hospitali nyuma yake. Mlango ukafunguliwa. Akashuka Mzungu wa pamba, wakashuka askari, akashuka karani, yakashushwa masanduku. Mwalimu alingoja. Mlango ulipokuwa wazi na ndani hakuna mtu, alikwenda akachungulia kati ya viti.

Alhamisi mvua haikukubali. Liutena alijaribu, tulimsikia juu ya mawingu akizunguka, mara mbili, mara tatu, na Baba Kitenge akawasha moshi ambao mvua iliuzima kila mara. Sauti ikaenda zake. Ijumaa ilikuwa vilevile. Ijumaa mchana Baba Kitenge aliweka watu wanane chini ya kipoi cha kubebwa mabegani, akamfunika Feza kwa turubai la ghala, akashika njia ya miguu kwenda Kasongo. Nilimpa turubai lile bila kuandika. Hiyo ndiyo sheria niliyovunja kwa ajili ya Feza.

Alikufa karibu na Wamaza, Jumapili asubuhi, na mtoto ndani yake. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, wakawa wanatafuta mahali pa kuvuka. Pius aliyekwenda nao aliniambia kwamba kwa saa nyingi Feza hakulia tena, alikuwa anauliza tu kama mume wake amekula. Walimzika Wamaza, karibu na kanisa dogo la udongo, kwa kuwa hawakuweza kwenda mbele wala kurudi na maiti katika mvua ile.

Baba Kitenge alirudi siku ya saba. Alikuja moja kwa moja uwanjani, hakupitia nyumbani. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimetayarisha maneno, na mengine yalikuwa ya kweli. Akaniuliza, "Ndege ilikuja?"

"Ilikuja juzi, Baba."

"Ilibeba watu wangapi?"

"Wawili."

Akatikisa kichwa, akavua koti, akasema, "Twende tutembee." Tukatembea uwanja kutoka mwanzo hadi mwisho, na alionyesha mahali majani yalipohitaji kukatwa.

Sikumwambia siku ile, kwa kuwa alikuwa amechoka. Sikumwambia wiki ile, kwa kuwa mama yake Feza alikuwa mgonjwa. Baadaye nilikosa sababu, na bado sikumwambia.

Mnaweza kuuliza kama niliacha zile kilo tano. Niliziacha, lakini sikiliza namna nilivyoziacha. Ningeacha siku moja, marubani wangeona kwamba watu wa Kabambare wamekonda wote pamoja. Kwa hiyo nilipunguza kilo moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza niliongeza nne, wa pili tatu, hadi nikafika kwenye kweli. Katika miezi ile niliwashusha watu ambao wangeweza kwenda. Wanne ninawajua kwa majina. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye ngiri iliyofungana. Sikuuliza alifikaje.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa wema wa Baba Kitenge. Aliendelea kuniletea ugali mchana, sasa akiuchukua mwenyewe. Na kila alipopewa watu wapya wa kupekupe, aliwapeleka mbele ya mizani yangu, akanionyesha kwa kidole. "Munaona huyu Mungwana? Fanyeni kazi kama yeye. Huyu, hata juu ya mutoto wangu, hakupunguza kilo moja." Watu walinitazama kwa heshima. Mimi niliinamia karatasi. Alilisema neno hilo miaka yote iliyobaki, mbele ya watu wengi, na mara ya mwisho alilisema akiwa kitandani kwake, mapafu yamejaa maji, akimwambia padri aliyekuja kumpaka mafuta. Padri alinishika mkono. Asubuhi Baba Kitenge alikufa, na kaburi lake tulilichimba mimi na watu wa uwanja.

Baada yake sikutembea uwanja vizuri. Nilitembea, macho yakitazama, lakini sikuona. Kama mnataka somo la kazi katika karatasi hizi, chukueni hili: andikeni kile mizani inachosema, na mkikosea semeni palepale, wakati ndege bado iko chini. Ninalitoa somo hilo nikijua kwamba mimi mwenyewe, nikirudishwa pale leo, sina hakika ulimi wangu ungefunguka.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Mwalimu Gaspari. Misioni ilikuwa imemhamisha mbali, upande wa ziwa, naye alikuwa amepita Kabambare kuwaaga ndugu za mke wake. Hakuwa ameoa tena. Alikuwa amezeeka upesi, nywele nyeupe juu ya masikio, na sauti yake ilikuwa ileile ndogo. Uwanja ulikuwa mkavu, abiria walikuwa watatu. Nilimpima: kilo sitini na mbili, nikaandika sitini na mbili. Alishuka kwenye ubao, hakuondoka.

"Baba Amisi," akasema, "niko na swali moja. Baba Kitenge aliniambia zamani, lakini yeye alisikia kwako. Ile siku, kilo zilizidi ngapi?"

Baba Kitenge alikuwa amekufa. Pius alikuwa amehamishwa. Ajida, liutena, wote walikuwa wamerudi kwao. Hapakuwa na fimbo wala gereza, na mimi nilikuwa na miezi miwili tu ya kazi. Hapakuwa na kitu chochote cha kuogopa pale uwanjani isipokuwa uso wa mtu huyu.

"Ishirini na nane, Mwalimu."

Alifikiri kidogo. "Ni nyingi," akasema. "Siyo kilo mbili, tatu, hata mutu aseme tungejaribu."

"Ni nyingi."

"Basi haikuwezekana."

"Haikuwezekana, Mwalimu."

Akainama akachukua sanduku lake. Nilitaka kumsaidia kulibeba, akakataa kwa adabu, akanipa mkono wake mwingine, mkono mkavu wenye vumbi la chaki.

"Asante, Baba," akasema. "Nilitaka kulisikia kwa mutu aliyepima."